Waliolima Maniema: jasho lililojenga Kasongo na Kabambare

Majina ya matajiri wa pembe za ndovu tunayajua tangu shuleni. Waliofyeka msitu, wakapanda mpunga na kubaki hapa Maniema, mashariki mwa Kongo, baada ya matajiri kuondoka, hatuwataji. Wakati wa kuwataja umefika, kama Wamarekani wanavyowataja walowezi wao.

Tarehe 20 Mei 1862 Rais Abraham Lincoln wa Marekani alitia saini sheria iliyompa mkuu wa familia haki ya kupata ekari 160 za ardhi ya serikali, mradi akae hapo na kulima kwa miaka mitano. Watu kwa maelfu wakapakia magari ya kukokotwa na ng'ombe wakaelekea magharibi, kwenye mbuga za Kansas na Nebraska. Miti ilikuwa haba huko, kwa hiyo wengi walikata udongo pamoja na nyasi zake, wakaupanga kama matofali, wakapata nyumba. Habari zao zimeandikwa vitabuni na kuchezwa katika filamu hadi leo mtoto wa Kindu anaweza kukusimulia.

Miaka hiyohiyo, upande wetu wa dunia, watu wengine nao walikuwa njiani kuelekea magharibi. Walitoka Unguja, Bagamoyo na pwani yote ya Mrima, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Hawakuwa na hati ya serikali wala ekari za kugawiwa. Walikuwa na bunduki, nguo, shanga na mikopo ya matajiri wa Kihindi wa Unguja. Habari kwamba Maniema ina pembe nyingi tena za bei rahisi ziliutikisa mji wa Ujiji mwishoni mwa miaka ya 1860, na mmisionari David Livingstone, aliyekuwa akisafiri pamoja na wafanyabiashara hao, alizifananisha na homa ya dhahabu iliyowahi kuwapata Wamarekani kule California.

Walikuja kutafuta pembe, lakini pembe humalizika. Kilichodumu ni makazi yaliyoota pembeni mwa biashara hiyo: Nyangwe, Kasongo, Kabambare. Miji hiyo ilisimama kwa muda usiozidi miaka 30 hivi kabla ya kuangushwa kwa mizinga. Hata hivyo mpunga wake ungali shambani, lugha yake ingali midomoni mwetu, na dini yake ingali na waumini wengi kusini mwa Maniema. Urithi huo haukuachwa na wakubwa waliorudi pwani au waliokufa vitani. Uliachwa na wanawake, mateka na watumwa, na watoto wao waliozaliwa hapa. Hao ndio walowezi wa kweli wa nchi hii, na wengi wao hawakuja kwa hiari.

Nchi yenye wenyewe

Neno "pori" limetumika sana kuhalalisha wageni kuchukua nchi za watu. Kwenye mbuga za Marekani waliokuwa wakiishi ni Walakota, Wapawnee, Wacheyenne na mataifa mengine, na sheria ya ekari 160 iligawa ardhi iliyokuwa imetoka mikononi mwao. Maniema nayo ilikuwa na wenyewe: Wabangubangu kuzunguka Kabambare, Wakusu na Wazimba upande wa Kasongo, Wagenya kwenye maji ya Lualaba, na wengine wengi.

Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, tarehe 21 Septemba 1869. Mtawala wa hapo, ambaye yeye alimwandika kwa jina la Moenekuss, alikuwa amefariki karibuni, na wanawe wawili ndio walioshika nafasi yake. Mgeni huyo aliona nyumba za pembe nne zenye kuta zilizokandikwa vizuri, na kuni zimepangwa ndani kwa utaratibu. Aliandika pia kwamba njia za vijiji vya Maniema mara nyingi zilielekezwa mashariki na magharibi ili jua likaushe unyevu upesi. Mipango ya namna hiyo hutoka kwa watu waliokaa mahali kwa vizazi, wakasoma mvua na jua, wakaelewana jinsi ya kujenga.

Huko Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, alikuta soko lililokusanyika kila siku ya nne. Alikadiria watu hadi 3,000, wengi wao wanawake. Walileta samaki, chumvi, mafuta ya mawese, vyungu, kuku na vyakula vya shambani, wakabadilishana kwa kelele na vicheko. Wagenya walivusha watu kwa mitumbwi yao. Watu wa pwani hawakuleta biashara Maniema. Waliikuta imesimama.

Njia ya kufika

Mlowezi wa Nebraska alikuwa na ng'ombe wa kuvuta gari lake. Msafiri wa Maniema hakuwa na mnyama wa namna hiyo, kwa sababu mbung'o waliua ng'ombe na farasi njiani. Kila kitu kilibebwa kichwani na begani: marobota ya merikani na kaniki, mifuko ya shanga, masango, baruti, masufuria, sahani na misahafu. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, mbali na mkeka wake na chakula chake. Kirangozi alitangulia na bendera, ngoma ikilia, na nyuma yake mstari wa watu ukajinyoosha hadi wa mwisho asijue wa mbele amefika wapi.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi mambo yakienda vizuri. Kutoka Tabora walishuka hadi Ujiji, wakapanda majahazi na mitumbwi kuvuka ziwa, wakashukia Mtowa, karibu na Kalemie ya leo. Hapo ndipo ilipoanza njia ya nchi kavu ya kwenda Kabambare, kisha Kasongo, kisha Nyangwe. Kwa hiyo Kabambare ilikuwa mlango. Aliyetoka ziwani alipumzika hapo, akanunua chakula, akasikia habari za mbele. Aliyetoka Lualaba na pembe alipita hapohapo akielekea ziwani.

Wengine walikwama hapo. Livingstone alirudi Bambarre tarehe 22 Julai 1870, vidonda vya miguu vikiwa vimemla hata hawezi kukanyaga. Kwa siku 80 hivi hakutoka nje. Dawa iliyomfaa kidogo ilikuwa jiwe la kijani la shaba, lililosagwa juu ya jiwe jingine kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Aliyemhifadhi alikuwa mfanyabiashara Muhamad Bogharib, mtu wa biashara ileile ya pembe na watumwa ambayo mgeni wake aliichukia. Hakuondoka hapo hadi tarehe 16 Februari 1871. Karatasi zilikuwa zikimwishia, na alipofika Nyangwe alikuwa akiandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London kwa wino wa mbegu za mmea wa huku. Wino huo ulififia kiasi kwamba wataalamu walihitaji mitambo ya kupiga picha kwa mianga maalumu ili kuusoma upya, na maandishi hayo yakachapishwa mwaka 2011. Maisha ya kituo cha mbali yalikuwa hivyo kwa tajiri na maskini: ugonjwa, kungoja, na kutumia kilichopo.

Kutoka kambi hadi mji

Kwa mujibu wa msafiri Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1876, Mwinyi Dugumbi alifika Nyangwe mwaka 1868, akawa wa kwanza kuweka makao. Mji ulikuwa na sehemu mbili juu ya miinuko miwili. Sehemu moja ilikuwa ya Dugumbi na watu wa Mrima. Nyingine ilikuwa ya Waarabu wa Unguja, ambao mkubwa wao alikuwa Sheikh Abed bin Salim. Kati ya miinuko hiyo palikuwa na bonde lenye majimaji, na msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1874, aliona kwamba linafaa sana kwa mpunga.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliingia kwa njia nyingine. Katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili na kikachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, anasimulia jinsi alivyomwendea Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela. Alikuwa amesikia kwamba dada wawili wa mzee huyo walitekwa zamani. Akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao, kwa maelezo kwamba babu yake alimwoa mateka huyo. Mzee akamkubali kama damu yake na kumkabidhi utawala. Tippu Tip hakuficha kwamba ilikuwa hila. Lakini hila hiyo inafundisha jambo kubwa: kuishi Maniema hakukuwezekana bila undugu na wenyeji, na hata mwenye bunduki alihitaji bibi wa hapa.

Kutoka mwaka 1875 hivi Kasongo ikawa makao yake makuu. Msitu ulikatwa kwa maili nyingi kuzunguka mji. Palipandwa mpunga, mahindi, miwa, machungwa, makomamanga, mananasi. Mibuni pia ilikuwapo. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliingia Kasongo mwaka 1893 na kukuta nyumba kubwa zenye vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, mishumaa, sukari na glasi za kunywea. Aliandika kwamba aliwahi kupita ndani ya shamba moja tu la mpunga, akiwa juu ya mnyama, kwa muda wa saa moja na nusu.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kusimama na kuuliza: shamba la mwendo wa saa moja na nusu lililimwa na nani?

Mikono ya shamba

Mpunga wa mlimani, kama unavyolimwa Maniema, hauna njia ya mkato. Kiangazi kinapoingia, kuanzia Juni, msitu hufyekwa na miti mikubwa huangushwa kwa shoka. Ikikauka, huchomwa. Mvua za Septemba na Oktoba zinapoanza, mbegu huwekwa vishimoni. Kisha ni palizi, na baada ya palizi ni kuamia ndege: watoto na wanawake wanashinda shambani tangu alfajiri, wakipiga kelele na kurusha mawe, kwa maana kundi la ndege likishuka mara moja tu, hasara yake haina fidia. Mavuno hukatwa kwa kisu kidogo, shuke kwa shuke, mgongo umeinama. Bado kupura, kuanika, kutwanga kinuni, kupepeta kwa ungo. Sahani moja ya wali imepitia mikono hiyo yote.

Katika Kasongo ya Tippu Tip, kazi hiyo ilifanywa na watu waliotekwa katika vita vya kutafuta pembe. Wanaume wenye nguvu walibebeshwa pembe hadi ziwani na pwani, au walipewa bunduki wakawa askari wa msafara. Wanawake na watoto wengi waliwekwa mashambani na majumbani. Walitoka koo na lugha tofauti, na hapakuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha isipokuwa ya nyumba walimowekwa. Watoto wao walikua wakizungumza Kiswahili, wakifundishwa Kurani, wakivaa kanzu na kanga, na baadaye wakajiita Waungwana. Jina walilonyimwa mama zao, wao walilivaa.

Bei ya makazi hayo ililipwa kwa damu, na mahali pa kuisoma ni Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa Dugumbi waliingia sokoni na bunduki. Palizuka ubishi wa bei ya kuku, kisha risasi zikaanza kupigwa katikati ya wanawake waliokuwa na vikapu vyao. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajazana na kuzama, na waliojaribu kuogelea wakachukuliwa na maji. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akaondoka siku chache baadaye. Habari alizotuma zilizidisha hasira huko Uingereza, na mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Waliouawa siku ile ndio waliokuwa wakilisha mji. Hakuna jiwe lenye majina yao.

Mizinga ya Dhanis

Mwaka 1887, huko Unguja, Stanley alimshawishi Tippu Tip akubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mapatano hayo hayakuzuia mgongano. Leopold alitaka pembe zitoke kwa mto Kongo kuelekea Atlantiki. Waswahili walizipeleka ziwani na Bahari ya Hindi. Tippu Tip aliondoka Maniema mwaka 1890 na hakurudi tena. Alifariki Unguja tarehe 14 Juni 1905.

Vita vilizuka mwaka 1892. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya Leopold, chini ya Francis Dhanis, yakisaidiwa na Gongo Lutete aliyekuwa zamani mtu wa Tippu Tip, yaliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huohuo. Gongo Lutete mwenyewe alipigwa risasi na Wazungu aliowasaidia. Kabambare, mlango wa zamani, ilianguka mwezi Januari 1894, na Rumaliza, mmoja wa wakubwa wa Waswahili, akakimbilia upande wa Wajerumani. Ndui ilifuata nyayo za majeshi, ikaua watu wengi.

Waliolima hawakupata uhuru kamili hata hapo. Dola ya Leopold ilitaka mpira na pembe, kisha serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, kuanzia mwaka 1917, ikaweka mazao ya lazima. Mpunga uliopandwa kwa amri ya tajiri wa pembe ukapandwa sasa kwa amri ya msimamizi wa Kizungu, kwa faini na kifungo. Mama wa Kabambare aliyekuwa na jembe mwaka 1880 na mjukuu wake wa mwaka 1930 walikuwa na malalamiko yanayofanana.

Waliobaki, na waliotawanyika

Pamoja na hayo yote, walibaki. Kiswahili chao kilienea mashariki yote ya Kongo, na leo ni moja ya lugha nne za taifa. Uislamu wa Kasongo ulipitia miaka ya kubanwa na wakoloni, ukaendelea kufundishwa majumbani na vyuoni. Mpunga ukawa chakula na biashara, na mchele wa Maniema ukalisha migodi na miji.

Wengine walitawanyika. Waliobeba pembe hadi pwani hawakurudi wote. Wamanyema wako Ujiji na Tabora kwa vizazi sasa, na Dar es Salaam ina Msikiti wa Manyema pale Kariakoo. Ukitaka kujua ukubwa wa historia ya Kabambare, usiangalie ramani ya Maniema peke yake. Fuata njia ya misafara hadi baharini.

Kasongo ya zamani haipo tena pale ilipokuwa. Mji ulihamishwa, na mahali pake pa awali panaitwa Kasongo-Tongoni. Wataalamu wa mambo ya kale, Wakongo na Wabelgiji, wamechimba huko na kuwahoji wazee wa vijiji jirani. Kazi yao ni ya thamani, lakini haitoshi na haipaswi kuwa ya wageni na wasomi wa mijini tu. Chini ya udongo ule vimelala vigae, shanga na misingi ya nyumba. Juu yake wanalima watu ambao bibi zao walitwanga mpunga palepale.

Kwenye kitabu cha Tippu Tip wametajwa masultani, matajiri na idadi ya pembe. Wenye jembe na mchi karibu hawana majina humo. Kosa hilo tunaweza kulipunguza sisi wenyewe. Shule za Kasongo na Kabambare zinaweza kumtaka kila mwanafunzi aandike masimulizi ya bibi mmoja: ukoo wake ulitoka wapi, nani alitekwa, nani alioa, shamba la kwanza lilikuwa bonde gani. Misikiti na parokia zina watu wanaojua kuandika na kutunza daftari. Serikali ya jimbo inaweza kuitangaza Tongoni kuwa mahali pa kuhifadhiwa kabla matofali yake hayajaishia kwenye kuta za nyumba mpya. Na pale ukingoni Nyangwe, ambako wanawake wa sokoni waliuawa, panastahili alama inayosomeka kwa Kiswahili, lugha ya wauaji iliyogeuka kuwa lugha ya wajukuu wa waliouawa.

Marekani ilichukua zaidi ya miaka 100 kuanza kusikiliza Walakota waliposema kwamba mbuga zile zilikuwa na wenyewe. Sisi tuna wazee ambao babu zao waliishi katika miji hii, na wangali wanakumbuka walichosimuliwa. Masimulizi hayo yanapungua kila mwaka wanapozikwa wazee. Heshima kwa waliolima Maniema ianze sasa, kwa kalamu na daftari, wakiwa bado wapo wa kutujibu.